Vidole Vitatu

Barua ya kadhi ilikuwa na mstari mmoja:
"Mali ya marehemu Kupi: bunduki kuukuu. Ithaminiwe, igawiwe."
Kana kwamba ni kitanda, au mnazi wa tatu kutoka kisimani.

Nikapanda darini Mkomani kwa warithi wake:
Famau, mwenye haraka ya boti ya saa nane,
Lali, aliyekwisha kumtajia bei Mtaliano wa Shela,
na Somoe, aliyeleta kahawa
kisha akakaa kizingitini, mguu ndani, mguu nje.

"Ya baba," wakasema wale wawili. "Ya vita."

Nina desturi: mdomo naufunga, mkono nauachia useme.
Taji limepigwa ubavuni, na mwaka: 1887.
Martini ya kweli, chuma cha kweli.
Lali akatabasamu.
Mbio za sakafuni, nikawaza.

Mtutu umekatwa kwa msumeno, na mtu mwenye subira,
ukingo ukapigwa tupa hadi haukwaruzi kidole.
Mifereji ya ndani, ya kuizungusha risasi,
imekwanguliwa yote, laini kama koo la birika,
ili imeze marisau.
Mwisho serikali nayo ikaja ikafanya yake:
mdomo ukazibwa kwa risasi.
Risasi ya kuyeyushwa, si ya kufyatuliwa.
Lugha yetu haikuona haja ya kuzitenga.

Nikawaambia kwa ufupi, kama daktari:
mkusanya silaha hununua kitu ambacho wakati ulikisahau.
Hiki haukukisahau. Kila aliyepita alikigusa.
Ingekuwa nzima, ningeandika punda wanane.
Hivi ilivyo, punda mmoja,
naye mzee, na kibali juu ya mnunuzi.

Lali akakohoa. Famau akatazama saa.

Kitako ndicho kilichonichelewesha.
Kimepunguzwa vidole vitatu, nikavipima mara mbili.
Nikakiweka begani: kiwiko kikakosa pa kwenda,
kama mtu mzima aliyebanwa kwenye dawati la chuoni.
Nikampa Famau. Vile vile.
"Baba yenu alikuwa mfupi?"
"Baba," akasema Lali, "alikuwa akiinama kupita mlango ule."

Nyuma ya kitako pamepigiliwa ngozi ya mbuzi,
na ndani ya ngozi mna kitambaa kilichokunjwa mara nne,
kimeshonwa kwa mishono midogo, ile ya kofia.
Rangi imekufa yote ila pembeni:
korosho nyekundu, ya leso.

Somoe hakuinuka.
"Niyuile kale," akasema.
"Hindi, ng'ambo, shambani. Mwaka wa nguruwe.
Baba yuko Mombasa anapakia saruji,
miaka sita, barua mbili.
Sisi tumelala juu ya mahindi,
mama yuko nje, taa imezimwa.
Asubuhi ana alama nyeusi hapa,"
akajigusa bega,
"akatwambia ni mzigo wa kuni."

Famau alitazama kitako mkononi mwake
kama mtu aliyeshika kitu cha jirani.

"Na mama yenu," nikauliza, "alifariki lini?"
Wakatazamana.
"Yuko chini," Lali akasema. "Amelala."

Basi kalamu nikaifunga.
Nilikuwa nimekwisha kuandika: shilingi elfu kumi na mbili,
na bei hiyo ni ya haki, siiongezi hata senti kwa hadithi.
Lakini hugawiwa cha aliyekufa.
Nikaandika chini yake: *Si mali ya marehemu Kupi.
Mwenyewe yupo, chumba cha ndani, mkono wa kushoto.*

Tulishuka nayo wote wanne, tukiwa wazito kama wabeba jeneza.
Alikuwa macho. Aliipakata, akapapasa mkato,
kidole gumba kikienda na kurudi pale msumeno ulipoteleza.
Hakuuliza bei.
Hakuuliza nani ametuonyesha.
"Huo msumeno wangu," akasema,
"nani kati yenu aliuchukua?"